Kurejea si Kurejeshwa

Kila wanapokutana wapenzi wa lugha hatokosekani mmoja wa kulalama kwamba Kiswahili ni maskini, na kwamba mfasiri akikabiliwa na neno la Kiingereza hana budi kutohoa au kuzungukazunguka. Mimi nimefasiri kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Kasulu bila ya kuingia darasa la ufasiri. Walimu wangu ni kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na masikio yangu. Naomba niipinge kauli hiyo kwa kitenzi kimoja tu: recover.

Kitenzi hicho Waingereza walikipokea kutoka Kifaransa, na asili yake ni Kilatini, kwa maana ya kupata tena. Mwenyewe Mwingereza hukitumia kwa mgonjwa, kwa deni, kwa maiti na kwa uchumi wa nchi. Sisi je? Mgonjwa hupona. Aliyezimia huzinduka. Kilichotumbukia kisimani huopolewa. Kilichowekwa rehani hukombolewa. Kilichofukiwa hufukuliwa. Kilichopotea huonekana. Mdai hulipwa. Uchumi hutengemaa. Ilipozama meli ya Spice Islander baina ya Unguja na Pemba, Septemba 2011, ni nani huko visiwani aliyehitaji kamusi ili aseme kuwa maiti wameopolewa? Basi mwenye neno moja ni nani, na mwenye maneno manane ni nani?

Umaskini upo, lakini si wa lugha. Ni wa mfasiri aliyejichagulia kitenzi kimoja, kurejesha, akakifanya ufunguo wa kila kufuli. Tunasoma kurejesha afya, kurejesha gharama, kurejesha fahamu, kurejesha miili. Sikikatai kitenzi chenyewe: kitabu cha maktaba hurejeshwa, na sufuria ya jirani hurejeshwa. Lakini sufuria haina hiari, na hapo ndipo penye shauri langu.

Lingekuwa jambo la ladha tu, nisingeliharibu wino. Lakini mimi ninaandika kutoka Kasulu. Warundi walikimbilia mkoa huu mwaka 1972, wakaja tena baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, na wakaja tena mwaka 2015. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, kisha ikawapokea na Warundi. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2017 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walikubaliana juu ya safari za kurudi kwa hiari. Hapa kwetu, kiambishi kimoja katika kitenzi ni habari ya nyumba, shamba na roho ya mtu.

Nakiri kosa langu mwenyewe. Niliwahi kupewa tangazo nilifasiri, nami kwa haraka nikaandika "kurejeshwa kwa hiari". Bibi mmoja alisomewa, akaniuliza: "Mwanangu, atakayenirejesha ni nani? Mimi ni mzigo?" Nilimjibu, "Bibi, ni lugha ya ofisi tu." Jibu hilo linaniaibisha hadi leo. Bibi yule hakupata kusoma sarufi, lakini aliijua kuliko mimi. Anayerejea ni mtenda. Anayerejesha humtendesha mwingine. Anayerejeshwa ametendeshwa. Kutendeshwa kwa hiari ni maneno mawili yanayopigana ndani ya sentensi moja.

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, katika ibara yake ya tano, unataka hiari ya mkimbizi iheshimiwe, na unakataza kumrudisha kwao bila ya ridhaa yake. Sheria imemlinda mtu huyo. Mfasiri anamvua kinga hiyo kwa silabi moja.

Watakuwapo watakaosema kuwa ofisi inahitaji istilahi moja, na kwamba msomaji huelewa tu. Bibi yule alielewa sana, na ndiyo sababu aliuliza. Istilahi moja inafaa pale jambo linapokuwa moja. Kupanda gari kwa kutaka na kupandishwa si jambo moja.

Wala "kurejea" hakutoshi kila mahali. Kijana aliyezaliwa Nyarugusu atarejea wapi, naye hajapata kuuona mlima hata mmoja wa Burundi? Kirundi, ndugu wa Kiha chetu, kina jibu zuri zaidi. Guhunga ni kukimbia nchi. Guhunguka ni kutoka katika ukimbizi. Ni mnyambuliko ule ule tulio nao sisi katika kufunga na kufungua, kukunja na kukunjua, kukwama na kukwamua. Neno hilo linafungua fundo la kukimbia. Hata wale wa mwaka 1972 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambao zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia wa Tanzania, ukimbizi wao ulifunguliwa bila ya kuvuka mpaka.

Sisemi tulikope neno hilo kesho. Nasema kuwa lugha zetu hutofautisha mambo ambayo ofisi huyachanganya, na kazi ya mfasiri ni kuilinda tofauti hiyo hata pale aliyemwajiri asipoitaka. Mtu akienda kwa miguu na moyo wake, na aandikiwe kurejea. Akisukumwa, na aandikiwe kurejeshwa, na neno "hiari" lifutwe, ili kila atakayesoma ajue lililotendeka.