Nani Aliyeua? Sarufi ya Uchunguzi wa Vifo katika Meru na Embu

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea maiti za kubuni. Tangu Muhammed Said Abdulla alipomtoa Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo (1965), riwaya ya upelelezi imejipatia nafasi ya heshima katika silabasi za vyuo. Taharuki imechambuliwa, mbinu za kumpoteza msomaji zimeorodheshwa, na mjadala kuhusu Bwana Msa na jamaa yake wa Kiingereza, Sherlock Holmes, umerudiwa hadi umechujuka. Wakati huohuo matini zinazosimulia jinsi maiti halisi zilivyochunguzwa nchini Kenya zimeachiwa wanahistoria na wanasheria, kana kwamba neno lililoandikwa na karani wa mahakama si neno. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba mgawanyo huo wa kazi ni kosa la kitaaluma, na kwamba wanaopoteza zaidi kwa kosa hilo ni wasomi wa Kiswahili wenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Chuka, kati ya Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Katikati ya Juni 1953, wakati wa Hali ya Hatari, askari wa Kombania B ya Batalioni ya 5 ya King's African Rifles waliingia eneo hilo kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau msituni. Katika siku chache zilizofuata waliwaua watu wapatao 20 wasiokuwa na silaha. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo mahomugadi, yaani watu wa upande wa serikali yenyewe. Hapana askari hata mmoja aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Si kwamba hapakuwa na uchunguzi. Ulikuwapo, tena zaidi ya mmoja. Kapteni Gerald Griffiths, mkuu wa kombania hiyo, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa shtaka la kuua, lakini shtaka hilo halikuhusu mauaji ya halaiki ya Chuka, na Novemba 1953 akaachiliwa. Mwaka 1954 alishtakiwa upya, safari hii kwa ukatili dhidi ya watu waliokuwa mikononi mwake; akafukuzwa jeshini na kufungwa miaka 5. Kati ya kesi hizo mbili, Desemba 1953, iliketi tume ya Luteni Jenerali Kenneth McLean, iliyosikia habari za mbao za kuhesabia waliouawa, za mashindano baina ya vikosi, na za zawadi ya shilingi 5 kwa maiti. Ilimaliza kazi yake kwa kulisafisha jeshi kwa jumla. Basi mtu akiuliza kama mauaji yalichunguzwa, jibu ni ndiyo. Akiuliza nani aliyewaua wale watu wa Chuka, jalada linanyamaza. Hapo ndipo mhakiki anapohitajika, kwa sababu kunyamaza huko kumejengwa kwa lugha.

Yafaa kuanzia kwenye kitenzi. Kiswahili, kama lugha zake ndugu za Meru na Embu, kina kauli ya kutendea ambayo hubeba madhara pamoja na tendo. Mama asemapo "wameniulia mwanangu", neno moja tu limewakusanya waliotenda, tendo lenyewe, na yeye aliyebaki akiumia. Aliyekufa anafuata mara moja. Hakuna aliyeachwa nje ya sentensi. Sasa kauli hiyo ipitishwe kwa mkalimani na iandikwe na karani kwa Kiingereza cha mahakama: mtoto wa shahidi aliuawa. Watendaji wamekwisha kutoweka. Mama naye amegeuzwa kuwa shahidi, mtu anayetoa habari juu ya jambo ambalo, kwa sarufi ya jalada, halikumtendekea yeye. Hakimu hakusema uongo, karani hakughushi kitu, na mkalimani pengine alifasiri kwa uaminifu wote. Hata hivyo muuaji ameshatoka nje ya chumba kabla ya swali la kwanza.

Kuna watakaopinga kwamba majalada haya ni ya Kiingereza, na kwa hiyo si mali ya idara ya Kiswahili. Hoja hii inaonekana nzito mpaka mtu ajiulize Kiingereza hicho kilitoka wapi. Lugha ya amri katika King's African Rifles ilikuwa Kiswahili, kile kilichoitwa Kikeya na kudharauliwa na wasanifishaji. Askari aliamrishwa kwa Kiswahili, na baina ya mwanakijiji wa Chuka na afisa wa Kiingereza Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja la kawaida. Kwa maneno mengine, chini ya Kiingereza cha kumbukumbu za Hali ya Hatari kuna tabaka la Kiswahili lililofutwa, na nani mwingine mwenye ujuzi wa kulisoma tabaka hilo? Wasomi wale wale wanaotumia miaka minne kutafuta athari za Kiarabu katika utenzi mmoja wanaiona kazi hii kuwa nje ya mipaka yao. Huo ni woga uliovaa joho.

Wengine watasema wanahistoria wamekwisha kuifanya. Ni kweli kwamba wanahistoria wamefanya mengi. David Anderson, Huw Bennett na Daniel Branch waliandika juu ya Chuka mwaka 2006, wakilalamika kwamba sheria ya Uingereza ya uhuru wa habari ilikuwa ikitumiwa kuwakinga waliohusika. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuyaficha majalada ya makoloni huko Hanslope Park, na Juni 2013 ikakubali kuwalipa wadai 5,228 wa Kenya pauni milioni 19.9. Lakini mwanahistoria huuliza nani alijua nini na lini. Jinsi sentensi ilivyomwezesha anayejua kuandika bila kusema, hilo ni swali la mhakiki, na halijajibiwa.

Swali hili lina uzito hata pale uchunguzi ulipofanikiwa. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, kwenye Mto Tana, chini ya mpango uliotokana na mbinu zilizojaribiwa kwanza katika kambi za Mwea, wakati huo sehemu ya wilaya ya Embu. Tangazo la kwanza la serikali lilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Hiyo ni hadithi fupi kamili: ina mahali, ina chanzo, na mhusika wake mkuu ni gari la maji. Hakimu W. H. Goudie aliikataa, akathibitisha kwamba vifo vilitokana na kupigwa. Akafikia hapo. Mikono iliyoshika marungu haikuunganishwa na kifo cha mtu yeyote mahsusi. Kati ya uongo wa maji na ukweli usio na mtendaji kuna hatua kubwa, na haki ya Goudie isipunguzwe. Ila tendo lilibaki bila kiima.

Isidhaniwe kwamba tiba ni kurudi kwenye baraza za wazee za karne ya 19. Kuna uhakiki wa kizalendo unaozisifu baraza za kale kana kwamba damu ilipimwa humo kwa mizani iliyo sawa. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya (1938), anaeleza kuwa kwa Wakikuyu, majirani wa karibu, fidia ya mwanamume aliyeuawa ilikuwa mbuzi au kondoo 100, ya mwanamke 30. Baraza lilimtaja muuaji, jambo ambalo hakimu wa kikoloni alishindwa. Lakini lilitaja pia bei, na bei ilikuwa na jinsia.

Jinsia hiyo haikufa na karne yake. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika Shule ya Sekondari ya St. Kizito huko Tigania, Meru, wavulana waliwavamia wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Tukio hilo limezoeleka kuitwa mkasa. Mkasa humfika mtu kama mvua ya mawe, hauna anayeuleta. Tena wapo wanaosimulia kwamba wasichana walikufa kwa kukanyagana bwenini, na hapa sarufi imetumika vibaya kuliko popote, kwa sababu kauli ya kutendana inawafanya waliouawa wawe wauaji wa wenzao. Waliovunja mlango hawamo katika kitenzi hicho. Safari hii hapakuwa na mkoloni wa kulaumiwa wala mkalimani wa kusingiziwa. Kiswahili chenyewe, chenye kauli ya kutendea, kiliombwa kauli ya kutendana, na kikaitoa.

Fasihi andishi ilikwisha kuligusa jeraha hili. P. M. Kareithi aliita riwaya yake ya vita vya Mau Mau Kaburi Bila Msalaba (1969), na tahakiki zikaishughulikia zaidi kwa maudhui ya uzalendo. Kuisoma sambamba na majalada ya Chuka, kitenzi kwa kitenzi, kungeonyesha ni wapi riwaya inamtaja mtendaji na ni wapi nayo inamficha. Tasnifu ya namna hiyo haihitaji nadharia mpya kutoka Paris.

Inahitaji watu wanaozijua lugha za huko, na muda. Aliyekuwa na miaka 15 wakati kombania ile ilipoingia Chuka amekwisha kupita 85. Meru na Chuka zina vyuo vikuu kamili tangu 2013, Embu tangu 2016; wanafunzi wao wengi wanasema lugha za mashahidi wale nyumbani kwao, na baadhi ni wajukuu wao. Mwaka ujao nao watapewa orodha ya mada za tasnifu, na kiko cha Bwana Msa kitakuwamo.