P2 Haifuti Mimba

Hapa Cheptais, sawa tu na Kitale ama Bungoma mjini, kuna wasee wanaamini P2 inafuta mimba. Chali anatuma pesa kwa M-Pesa, msichana anaenda kemisti, stori imeisha. Mimi napinga.

Sikia vile mwili hufanya kazi. Homoni ni ujumbe unaosafiri kwenye damu. Unapita kila mahali, lakini unasomwa tu na seli iliyo na kipokezi chake, kama kufuli na ufunguo wake. P2 ina levonojestreli, dawa inayofanana na homoni ya projesteroni. Ikikaa kwenye vipokezi vya projesteroni, ubongo unachelewesha amri ya kuachilia yai. Mbegu za kiume zinakosa yai la kurutubisha.

Sasa, kama yai lilishatoka jana? Hapo P2 imechelewa. Na kama mimba imeshatunga, haiitoi. Kwa hivyo hizo saa 72 mnazosikia si za kujivuta. Kila saa inayopita inakupunguzia nafasi. Tena P2 haizuii virusi vya Ukimwi hata kidogo.

Maoni yangu ni haya: tuache kumcheka msichana anayeinunua, ameshika jukumu. Na wewe chali, kutuma pesa si kumaliza kazi. Kondomu inawahusu wote wawili. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki, nendeni mpime, pamoja.

Ama nyinyi mnaonaje?