Pakeji Hazitoshi, Wapeni Wanafunzi Timu

Mzazi wa Malindi au Kilifi akikwambia mwanawe "anasoma kompyuta", mara nyingi maana yake ni pakeji. Kijana amemaliza kidato cha nne, amelipa ada kwenye chuo cha mtaani, anafundishwa Word, Excel na kuchapa haraka, kisha anapewa cheti. Si vibaya. Lakini muulize kama angependa kazi ya kutengeneza programu, atakutazama kana kwamba umemwambia aende mwezini. Hajawahi kutengeneza chochote, atajuaje kama anaipenda?

Shuleni nako mradi upo, ila ni wa mtu mmoja. Katika KCSE ya mfumo wa 8-4-4, ambayo ya mwisho ni ya 2027, karatasi ya tatu ya somo la Kompyuta ni mradi ambao kila mtahiniwa hutakiwa kuufanya peke yake. Sawa, huo ni mtihani. Lakini mimi riziki yangu ni kuandika programu, na siku yangu nzima ni kuulizana, kugawana kazi na kukaguliana makosa. Kidole kimoja hakivunji chawa, sote tunajua. Mbona tukiingia maabara ya kompyuta tunasahau?

Matunda ya timu tumeyaona hapa hapa Kenya. Mwaka 2017 wasichana watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu, waliojiita The Restorers, walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji kuomba msaada na kutoa ripoti. Iliwafikisha fainali za shindano la Technovation huko California. Mwaka 2019 wakawa miongoni mwa waliofika fainali ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Walianza na tatizo lililowauma, utaalamu wakaufuata baadaye.

Sisi wa Pwani matatizo hatuna uhaba nayo. Chukulia diko la Mayungu, kusini mwa Malindi. Samaki wanaposhushwa huandikwa: chombo gani, samaki gani, kilo ngapi. Wape wanafunzi wanne kazi ya kuhamisha daftari kama hilo kwenye kompyuta. Mmoja aende dikoni kuwauliza wavuvi na karani. Mwingine achore kurasa. Wa tatu aandike programu. Wa nne aijaribu mpaka iharibike. Baada ya wiki mbili wabadilishane.

Hapo ndipo watakapojifunza. Chombo kimoja kimeleta tafi, changu na pweza, mstari mmoja hautoshi. Wenyewe watagundua kwa nini hifadhidata huwa na majedwali zaidi ya moja. Karani mmoja akiandika "tafi" na mwenzake "taffi", kompyuta itahesabu samaki wawili tofauti. Na yule anayejua kuongea na wazee wa bahari ataona kwamba kipaji chake kina nafasi katika fani hii, hata kama hesabu si rafiki yake mkubwa.

Tena ni nafuu. Kompyuta kumi kwa wanafunzi arubaini ni balaa ukifundisha Word. Ukifundisha timu za wanne wanne, zinatosha.

Najua mtasema mmoja atafanya kazi yote na wengine watadandia. Kweli, hutokea. Dawa yake ni hii: siku ya kuonyesha mradi, kila mmoja aeleze sehemu aliyoifanya mwenzake. Mdandiaji hatakuwa na pa kujificha.

Msisubiri kidato cha nne. Katika mtaala mpya, mwanafunzi huchagua mkondo wake kabla ya Gredi ya 10. Asipoonja kazi hii akiwa sekondari msingi, atachagua gizani, na wengi wataiacha fani wasiyowahi kuijua. Mtaala wenyewe unautaja ushirikiano kuwa mmoja wa umilisi wa msingi, kwa hiyo mwalimu hatakuwa amevunja sheria.

Walimu, anzeni na timu moja na tatizo moja muhula huu. Nanyi wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Pwani, shule ziko jirani: Jumamosi moja kwa mwezi itawashinda?