Kabla mtoto hajasafiri kwenda kujitolea hifadhini

Majira ya joto yanapokaribia Marekani, wanafunzi wengi wa vyuo hupanga jambo ambalo wazazi walio Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa hulisikia kwa mara ya kwanza kwenye simu. Mtoto na wenzake watachukua gari, watakatiza nchi kwa siku kadhaa, kisha watajitolea kwa wiki au miezi katika hifadhi ya taifa. Swali la kwanza la mzazi huwa ni moja: je, dubu?

Dubu wapo. Lakini kwenye hifadhi ya Yellowstone, mnyama aliyejeruhi watu wengi kuliko mwingine yeyote ni nyati wa Marekani, na mara nyingi ni kwa sababu mtu amemsogelea apige picha. Kanuni ya hapo ni mita 23 kutoka kwa nyati na mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu. Anayeifuata hana sababu ya kuogopa sana wanyama. Yanayostahili kikao cha familia ni mambo ya kawaida zaidi: usingizi, joto, milima, panya na bima.

Kazi yenyewe ni ipi?

Huu si mtindo mpya. Shirika la Student Conservation Association lilianza kupeleka vijana hifadhini mwaka 1957, na tangu mwaka 1970 Marekani ina sheria inayoruhusu hifadhi zake za taifa kupokea watu wa kujitolea. Hutengeneza njia za miguu, huelekeza wageni, hung'oa mimea vamizi na husaidia watafiti. Hakuna mshahara, ingawa baadhi ya hifadhi hutoa malazi.

Mwenye umri chini ya miaka 18 hawezi kuanza bila saini ya mzazi au mlezi. Aliyeingia kwa viza ya masomo aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwake, kwa kuwa wageni wana utaratibu wao.

Bima: soma kabla ya kusaini

Hapa ndipo familia nyingi zinaweza kujikwaa. Anayejitolea chini ya makubaliano aliyosaini na hifadhi ya taifa, akiumia akifanya kazi aliyopangiwa, huingia kwenye mfumo wa fidia wa wafanyakazi wa serikali kuu. Hilo ni jambo jema, lakini lina mipaka. Halihusu ajali ya njiani siku tatu kabla ya kufika, wala jino linalouma usiku, wala mguu uliovunjika siku ya mapumziko. Anayepelekwa na shirika lingine naye aulize ni nani atakayemlipia.

Kwa hiyo bima yake ya kawaida ndiyo tegemeo. Bima nyingi za Marekani hulipia dharura popote nchini, lakini hukataa au hupunguza malipo ya kliniki ya kawaida iliyo nje ya mtandao wao. Mwanafunzi apige namba iliyo nyuma ya kadi yake na aulize: nikiwa Wyoming au Arizona, niende wapi? Wakati wa kuuliza ni kabla ya safari, maana huko porini simu mara nyingi haishiki.

Barabarani, adui ni usingizi

Kutoka New York hadi San Francisco ni takriban kilomita 4,700, karibu mara nne ya safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza. Vijana hupenda kuendesha usiku kucha ili wawahi. Ubongo uliokaa macho kwa saa 17 hufanya kazi kama wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya muziki hakuondoi usingizi. Kinachosaidia ni kubadilishana dereva, kusimama kila baada ya saa mbili, na kulala usiku.

Kusimama huko kuna faida nyingine. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba safari ya kukaa zaidi ya saa nne huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa kijana mwenye afya hatari bado ni ndogo, lakini huongezeka kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni au aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana ghafla, ni hospitali moja kwa moja.

Milima na selimundu

Hili linazihusu familia zetu kwa namna ya pekee. Barabara ya Trail Ridge katika hifadhi ya Rocky Mountain hufika mita 3,713 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Yellowstone iko juu ya mita 2,300. Kuanzia karibu mita 2,500, mtu yeyote anaweza kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu na kukosa usingizi. Apumzike siku moja au mbili kabla ya kazi nzito. Dalili zikizidi, ashuke.

Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, hewa nyepesi inaweza kuamsha maumivu makali na madhara makubwa, hivyo mpango wote upitiwe na daktari wake kwanza. Anayebeba kinasaba kimoja tu huishi bila shida. Hata hivyo, kazi ngumu mahali pa juu au kwenye joto kali, huku mwili umekauka maji, imewahi kuwadhuru hata watu wa kundi hili. Wapo vijana wengi ambao hawajawahi kupimwa. Kipimo ni cha damu na hufanyika mara moja tu maishani.

Joto

Death Valley ndiko kulikorekodiwa nyuzi joto 56.7 tarehe 10 Julai 1913. Ndani ya bonde la Grand Canyon joto huzidi la juu ukingoni kwa nyuzi kumi au zaidi, na wahifadhi hushauri watu wasipande wala kushuka kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mtoto wa Dar anaweza kudhani joto analijua. La jangwani ni kavu, jasho hupotea kabla hajaliona. Maji peke yake hayatoshi, kwani kunywa mengi bila kula kitu chenye chumvi kunaweza kushusha madini ya damu hadi mtu achanganyikiwe.

Panya ndani ya nyumba

Nyumba za wafanyakazi wa msimu huwa zimefungwa wakati wa baridi, na panya huzigeuza makazi. Mwaka 2012 watu 10 waliotembelea Yosemite waliugua virusi vya hanta, na watatu walifariki. Virusi hivyo huingia kwa kuvuta vumbi lenye mkojo au kinyesi cha panya. Kijana asifagie pakavu. Afungue milango na madirisha kwa nusu saa, avae glovu, amwagie jiki iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, asubiri dakika tano, ndipo afute.

Mambo ya kukubaliana kwenye simu

Dawa zake za kila siku zitoshe safari nzima na wiki mbili za ziada, na insulini isiachwe ndani ya gari juani.

Ratiba iandikwe: njia, mahali pa kulala, namba ya ofisi ya hifadhi, na siku za kupiga simu.

Kama alikuja nyumbani miezi ya karibuni kisha akapata homa huko, amwambie daktari mapema kwamba alikuwa Afrika Mashariki, apimwe malaria. Daktari wa mji mdogo wa Montana anaweza asiifikirie kabisa, na malaria haisubiri.