Hukumu ziko kwenye simu, lakini nani anazipanga? Somo kwa mawakili wa Sumbawanga

SUMBAWANGA: Zamani hukumu za Mahakama ya Rufani zilikaa kwenye makabati ya masjala na vitabu vya ripoti za sheria ambavyo si kila ofisi inavyo. Leo wakili anafungua TanzLII, maktaba ya mtandaoni ya Mahakama ya Tanzania, anasoma bure.

Tatizo limehama. Kupata hukumu si shida tena, shida ni kujua ipi inahusu kesi yako, na kama bado inasimama.

Chukua mgogoro wa shamba pale Ufipa. Katika Rufaa ya Madai Namba 287 ya 2017, iliyosikilizwa Mbeya, Mahakama ya Rufani ilisema maoni ya wazee wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lazima yasomwe mbele ya wadaawa kabla ya mwenyekiti kutoa uamuzi. Hatua hiyo ikirukwa, mwenendo wote unaweza kufutwa na kesi ikaanza upya.

Yaani mkulima anaweza kushinda shamba lake la mahindi leo, halafu ushindi ukayeyuka kwenye rufaa kwa kosa ambalo wakili wake angeliwahi mapema, pale pale barazani.

Ofisi kubwa za Dar es Salaam zinaweza kuajiri mtu wa kutunza kumbukumbu hizi. Ofisi ya wakili mmoja mjini Sumbawanga haina. Mara nyingi ujuzi uko kichwani mwa wakili mkongwe. Akistaafu, unaondoka naye.

Dawa yake si ghali. Faili moja la kompyuta, lililopangwa kwa mada: ardhi, mirathi, jinai. Kila hukumu na mistari miwili: imeamua nini, na imewahi kupinduliwa?

Ila faili lisiposahihishwa ni hatari kuliko kutokuwa nalo. Toleo jipya la sheria zilizorekebishwa, la 2023, limeanza kutumika Julai 2025, na baadhi ya vifungu vimebadilika namba. Anayenakili hoja za miaka mitatu nyuma anaweza kunukuu kifungu kisichohusika kabisa.

Kwa mwananchi, maswali ni mawili tu ukikaa na wakili wako: hukumu unayoitegemea bado inasimama? Na kifungu hicho umekitoa toleo gani?