Daftari la Wiki: Bampa na Baridi ya Iwawa

Lami ya Njombe imetufikia hapa Iwawa, lakini magari yanayoendelea kwenda Lupila, au yanayovuka Kitulo kuelekea Matamba, bado yanarudi na makovu. Bati la Land Cruiser huvumilia. Kinachoumia ni plastiki: bampa, madigadi, kava za vioo vya pembeni. Wiki hii nimezungukia gereji nikitazama plastiki hizo zinavyopakwa rangi, na nimerudi na mambo ya kusema.

*

Geuza bampa kabla ya kulipiga msasa. Upande wa ndani kuna herufi ndogo zilizotokeza: PP, ABS, au kwenye Toyota nyingi, TSOP. Hilo ndilo jina la plastiki yenyewe. ABS hushika rangi vizuri, ila thina kali huila. PP na TSOP ni za ukoo mmoja, na uso wake huteleza kama nta. Rangi hukaa juu juu tu. Ndiyo maana bampa lililong'aa Jumamosi linabanduka magamba siku linapooshwa kwa mashine ya presha. Dawa yake ni praima maalumu ya plastiki, koti moja jepesi, kabla ya kitu kingine chochote. Mafundi hodari wa bati huiruka kwa sababu bati haliihitaji, na mwenye gari hulipia kazi ileile mara mbili.

*

Kuosha kunatangulia msasa. Bampa jipya la dukani linaweza kuja na mafuta ya kalibu ya kiwandani. La zamani limelowa dawa ya kung'arisha plastiki. Ukianza kusugua, mafuta hayo unayashindilia ndani ya mikwaruzo. Maji ya moto na sabuni kwanza, kisha dawa ya kuondoa mafuta kwa kitambaa safi, ukigeuza upande kila mara. Petroli ikae kwenye tangi, kwa maana huacha mafuta yake. Baada ya hapo msasa laini wa maji. Plastiki ya PP ikisuguliwa kavu kwa msasa mkali huota vinyweleo, navyo vitaonekana hata chini ya klia, koti la juu linalong'aa.

*

Iwawa iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake haina masihara. Rangi na hadina (dawa ya kugandisha rangi) nyingi hutengenezwa zikauke vizuri kwenye nyuzijoto 20 hivi. Asubuhi ya ukungu plastiki huwa imelowa umande usioonekana kwa macho. Ukipuliza hapo, rangi inatoka na weupe kama maziwa. Fundi niliyemtazama alianza kwa kufungua koki chini ya tangi la kompresa. Yalitoka maji ya kutu, kiasi cha kikombe. Maji hayo yangepitia kwenye bunduki yake ya kupulizia rangi na kutua kwenye bampa. Akasubiri hadi saa tano, jua lilipopasha ukuta, ndipo akaanza. Huyo nampa gari langu.

Jiko la mkaa la kukaushia silikubali kabisa. Mvuke wa thina hushika moto, na plastiki hupinda.

*

Wenye Land Cruiser mkonga wameanza kutaka mkonga nao, yaani lile bomba la hewa la pembeni, upakwe rangi ya gari. Mikonga mingi ni polithini, ambayo inakataa rangi kuliko hata PP. Uacheni mweusi.

*

Jambo linaloniuma zaidi ni vifua vya vijana hawa. Hadina ya rangi za kuchanganya ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mpulizaji pumu, na pumu hiyo ikishaingia huweza kudumu hata akiacha kazi. Skafu iliyofungwa puani haizuii chochote. Inayofaa zaidi ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira; ikikosekana, angalau ya chujio la kaboni pamoja na la chembe, inayobana uso vizuri, na mahali penye hewa inayopita.

Kwa hiyo, mwenye gari, ukimpelekea fundi bampa lako usimwambie unasafiri kesho. Mwachie siku za kuosha na kusubiri jua, lipia praima ya plastiki, na umuulize barakoa yake iko wapi kabla hajashika bunduki.