NYUMBA IKIUNGUA, NI NANI AFUNGUAYE MLANGO?



Katika mikutano yetu twasikia wengine wakisema kwamba chama ni cha mambo ya mishahara na saa za kazi tu, na ya kuwa nyumba ya mtu ikiungua huko kwao, hilo ni shauri la jamaa zake. Sisi tutokao visiwa vya Lamu na kufanya kazi ya reli Mombasa hatukubaliani na maneno hayo, nasi twaeleza sababu.

Kwanza, tukumbuke Faza, katika kisiwa cha Pate. Mwezi wa Septemba 2009 moto ulishika mji huo ukateketeza mamia ya nyumba, na watu zaidi ya 2,000 wakabaki bila makao. Wazijuao nyumba za kwetu hawaulizi moto huendaje. Paa nyingi ni za makuti, nazo zimekaribiana. Cheche ikiruka na upepo yashika paa la pili, kisha la tatu, kabla mtu hajatoa hata godoro. Gari la zimamoto litapita wapi, ikiwa punda wawili wakikutana njiani mmoja hana budi kungoja? Na maji je? Huko Pate watu hutegemea sana maji ya mvua yaliyowekwa katika majabia. Maji umwagayo juu ya moto leo ndiyo ambayo watoto wangekunywa kesho.

Msalaba Mwekundu wa Kenya walipeleka misaada Faza, na shukrani ni haki yao. Lakini kisiwani hufikiwa kwa chombo, na chombo hungoja maji kujaa. Kabla ya misaada kufika, ni nani hufungua mlango? Ni jamaa.

Jambo hili tumeliona hata katika mtaa wetu. Nyumba ya mwenzetu mmoja iliungua naye yuko zamu ya usiku. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mpaka leo haijafika Lamu. Basi ilimpasa kupanda basi mpaka Mokowe, kisha mashua. Alipofika alikuta mkewe na watoto wanne wamekwisha pokewa kwa shangazi yake, wamevaa nguo za binamu zao, na chai iko mekoni. Shangazi huyo ana vyumba viwili, na watu wake ni watano. Hakuuliza wageni watakaa muda gani.

Ndugu zetu, watu kama hawa twawashukuru kwa moyo wote. Lakini shukrani ya mdomo haijazi sufuria. Shangazi hapati mshahara wala posho, na unga wa watu watano sasa waliwa na watu kumi. Tukisema hilo ni shauri la jamaa, tunamtwika mzigo wetu mtu aliye maskini kuliko sisi, na ambaye hawezi kukataa.

Wala sheria haitatusaidia hapa. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yahusu aumiaye kazini, si aunguliwaye na nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yatoa siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Aliyekwisha zitumia ataomba hisani ya msimamizi.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. La kwanza, kila tawi liwe na sanduku la maafa, kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi, na fedha zipelekwe kwa yule aliyewapokea walioungulia, zisingoje mwenye nyumba arudi kazini. La pili, viongozi wetu wadai katika mapatano siku za ruhusa na mshahara wa mbele kwa mwanachama aliyepatwa na moto. La tatu, sisi wenyewe tukienda likizo tusikae barazani tu. Mchanga tunao, bahari tunayo. Tuweke mapipa ya mchanga, ndoo, ngazi na miti mirefu ya kuvutia makuti chini, ili moto ukatwe njiani.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Twaomba jambo hili liandikwe katika ajenda ya mkutano ujao wa kila tawi, na kila mjumbe aseme wazi kama analikubali au analikataa.

Ni sisi wenzenu wa visiwani, wafanyakazi wa reli.